Ninaona farasi akichechemea, mwalimu anasema ni mzima

Shangazi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni saisi katika zizi moja la farasi upande wa Karen. Naomba jina langu na la zizi yasitajwe, maana kazi yenyewe ndiyo inayolisha watoto wangu.

Kati ya farasi ninaowatunza kuna jike mmoja wa miaka 14. Rangi yake ni ya shaba, basi tumwite Shaba. Mwenye farasi ni msichana wa miaka 13 ambaye wazazi wake walimnunulia. Ni mtoto mwenye adabu na anampenda farasi wake kwelikweli. Akitoka shule anapitia zizini kumpiga brashi hata siku ambayo hana somo.

Tangu masika yaishe kuna jambo naliona. Kutoka bandani hadi malishoni tunapita kipande cha murram ambacho sasa kimekauka na kuwa kigumu kama sakafu. Shaba akitembea polepole huoni kitu. Lakini akiona majani na kuanza mchakamchaka, kichwa chake kinapanda kidogo kila mguu wa mbele wa kushoto unapogusa chini. Asiyemjua hawezi kuona. Tukipinda kushoto kwenye tangi la maji, inazidi. Na akiwa amesimama bandani, mara nyingi nakuta ametanguliza mguu huo mbele, kama anayeupumzisha.

Nilimwambia mwalimu, ambaye ndiye anayemfundisha msichana na pia ndiye anayesimamia zizi. Alikuja, akaniambia nimkimbize Shaba kwenye uwanja wa mchanga, akamtazama, akasema: "Amekakamaa tu huyu. Akipata joto atafunguka." Na kwa kweli pale mchangani mimi mwenyewe sikuona kitu cha kumwonyesha. Nyapara akanicheka mbele ya wenzangu, eti siku hizi nimekuwa daktari.

Baadaye mwalimu akanipa mfuko wa unga mweupe nichanganye kwenye pumba za asubuhi siku za mazoezi. Nikasoma lebo, ni fenilbutazoni, dawa ya kutuliza maumivu. Siku za unga kichwa kinatulia. Siku asizopewa, kinarudi.

Mashindano yako karibu na msichana ataruka naye vizuizi. Juzi nikimfungia tandiko aliniuliza, "Anko, Shaba yuko sawa? Naona hataki kugeukia kushoto." Kabla sijafungua mdomo mwalimu akamwita uwanjani. Sijamjibu hadi leo, na najua anasubiri.

Mwalimu ndiye aliyeniajiri nikiwa sijui hata kuvisha farasi hatamu. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyetoa pesa ya hospitali. Nikienda kwa mamake msichana nitakuwa nimemruka mtu aliyenishika mkono. Nikinyamaza, mtoto anaweza kuanguka na farasi akavunjika. Mke wangu anasema farasi si wangu, nifanye kazi nirudi nyumbani. Saisi mwenzangu anasema niache tu kumpa ule unga kimyakimya, Shaba achechemee mbele ya watu siku ya mashindano, ukweli ujitokeze wenyewe.

Nishauri, Shangazi. Usingizi umenipaa.

Saisi, Nairobi

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa makini, kwa sababu kabla ya kukaa kwenye safu hii nilifanya kazi na farasi miaka mingi, na ninajua saisi anavyoweza kubaki peke yake na jambo aliloliona. Umebeba mizigo mitatu kwa pamoja: mguu wa Shaba, swali la mtoto, na deni la shukrani kwa mwalimu wako. Imechanganyika hadi ukigusa mmoja unaona kama unavunja mwingine. Niruhusu niitenganishe, nianze na mguu, maana nadhani humo mna jambo litakalopunguza uzito wa mengine.

Ulichokieleza si ndoto. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa mguu huo unapokanyaga, ili kuupunguzia uzito, na hukishusha ule mzima unapopokea. Mchakamchaka ndio mwendo unaoonyesha hivyo vizuri zaidi, kwa sababu miguu hukanyaga miwilimiwili kwa mshazari na kila upande unatakiwa ufanane na mwenzake. Kwenye kona, mguu wa ndani ndio unaosumbuka zaidi mara nyingi. Kutanguliza mguu mbele akiwa amesimama ni ishara ambayo madaktari huichukulia kwa uzito, hasa ikiwa ni mguu mmoja uleule kila mara. Kuna kipimo cha Marekani ambacho madaktari wengi wa farasi hukitumia, cha 0 hadi 5. Daraja la 1 ni kuchechemea kunakoonekana mara kunapotea. La 2 ni kule ambako ni vigumu kukuona farasi akienda moja kwa moja, lakini kunajitokeza kila mara katika hali fulani, mathalani kwenye kona au juu ya ardhi ngumu. Maelezo yako yanakaribia hilo la 2, ingawa mwenye kupima na kutamka ni daktari.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Umeandika kana kwamba wewe unaona ukweli na mwalimu anaukana. Je, kama nyote wawili mnasema kweli? Wewe ulimwona kwenye murram mgumu. Yeye alimtazama mchangani. Maumivu yaliyo ndani ya kwato, kwenye wayo, kwenye mfupa au kwenye kiungo, huamshwa na ardhi ngumu na kufichwa na laini. Ya kano aghlabu huwa kinyume: mchanga mzito huyazidisha. Tena farasi mwenye viungo vilivyoanza kuchakaa, na kwa miaka 14 si jambo la ajabu, hukakamaa mwanzoni kisha akafunguka akipata joto, sawasawa na alivyosema mwalimu wako. Kwa hiyo aliyoyasema huenda ndiyo aliyoyaona kwa macho yake. Halafu ukaja unga, na tangu siku ile kila anayemtazama Shaba wakati wa mazoezi anamwona farasi aliyetulizwa maumivu. Sikwambii mwalimu hana kosa. Nakwambia hujui bado kama ana nia mbaya, na mtu unayemwendea ukiamini anaficha utamsemesha tofauti na mtu unayeamini hajaona.

Na hata wataalamu hutofautiana. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ambamo madaktari wazoefu wa farasi walitazama farasi walewale, kila mmoja akaamua mwenyewe. Pale ambapo kuchechemea kulikuwa wazi walikubaliana kwa zaidi ya asilimia 90. Kulipokuwa kwa kiwango kidogo, makubaliano yalishuka hadi takriban asilimia 62. Hao ni madaktari. Nyapara aliyekucheka hana haki ya kukucheka, na wewe nawe huna budi kuacha nafasi kwamba umeona sehemu tu ya jambo. Kwa mfano, maumivu ya mguu wa nyuma wa kushoto yanaweza kumfanya farasi atikise kichwa kana kwamba anaumwa wa mbele wa kushoto. Umewahi kumtazama kwa nyuma akienda mchakamchaka, ukaangalia kama nyonga moja inapanda na kushuka kuliko nyingine?

Hukuniambia pia viatu vyake vilipigwa lini. Uliza. Kwa kawaida kwato hurudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ikiwa fundi alipita muda mfupi kabla ya wewe kuanza kuona haya, msumari uliokaribia nyama ni jambo la kuangalia kabla ya mengine yote. Masika nayo hulainisha kwato na kuruhusu uchafu kupenya, kisha jipu likajijenga ndani polepole. Jipu la kwato linaweza kuanza kwa kuchechemea kusikoonekana, na kesho yake farasi akashindwa hata kukanyaga. Ukilisikia linatisha, lakini kati ya yote yanayoweza kuwa mguuni mwa Shaba, hilo na msumari ndiyo ningeomba yawe, kwa sababu daktari na fundi huyamaliza na farasi akapona kabisa.

Yapo mambo yaliyo ndani ya kazi yako ya kila siku ambayo hakuna atakayekuuliza kwa nini unayafanya. Asubuhi kabla hajatolewa, inua kila kwato, isafishe, tafuta jiwe, msumari uliohama, ufa, au harufu mbaya kwenye ile pembetatu laini ya katikati. Gusa kuta za kwato zote mbili za mbele kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe joto. Kisha weka vidole pembeni mwa kifundo kilicho juu ya kwato, upande wa nyuma, utafute mapigo ya damu. Kwa farasi mzima huwa hafifu hata kuyapata ni kazi. Yakigonga kwa nguvu upande mmoja, ndani ya kwato hiyo mna uvimbe. Mwisho pitisha vidole kwenye kano za nyuma ya mguu kuanzia gotini kwenda chini, mguu ukiwa juu na ukiwa chini. Hapa nakusihi uwe mwangalifu sana, maana kano inaweza kuwa na joto na uvimbe mdogo huku farasi akichechemea kidogo tu au asichechemee kabisa. Ikichanika kidogo na mtu akaendelea kumrusha vizuizi, mchaniko mdogo unakuwa mkubwa, na kano iliyochanika vibaya huchukua miezi 9 hadi 12 kupona, nyingine hairudi kuwa ilivyokuwa. Ukikuta joto kwenye kano, yafaa mwalimu asikie saa ileile.

Andika unachokiona kwenye daftari, tarehe na mahali, na siku ya unga na siku isiyo ya unga. Daftari hilo litakufaa kuliko maneno yote utakayopanga usiku.

Kuhusu unga wenyewe. Fenilbutazoni ni dawa halali ya farasi na wapo farasi wazee wengi wanaoishi vizuri nayo kwa maelekezo ya daktari. Swali ambalo barua yako haikulijibu ni hili: kuna daktari aliyeiandika? Ikiwa yupo, huenda Shaba ana yabisi ya viungo inayojulikana, na mwalimu hakuona haja ya kumweleza saisi. Hapo hata kumpumzisha kabisa si lazima kuwe tiba, kwani farasi wa namna hiyo wengine hufaidika na kutembezwa kwa kiasi. Lakini kama hakuna daktari, mambo ni mengine. Dawa hiyo ikitolewa ovyo au kwa muda mrefu huleta vidonda tumboni na kuumiza figo. Na jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba huondoa sauti ya mguu bila kuondoa ugonjwa, kisha mtoto wa miaka 13 anaketi juu yake na kuuelekeza mguu huo kwenye kizuizi. Ongeza hili: kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, haziruhusu farasi kushindana akiwa na fenilbutazoni mwilini. Ujue mashindano yenu yanafuata kanuni zipi, kwa sababu anayechanganya pumba ni wewe.

Sasa shauri la mwenzako, la kuacha unga kimyakimya ili Shaba achechemee hadharani. Naelewa linavyovutia, kwa kuwa halikulazimu kusema neno. Lakini hebu litazame tena. Siku hiyo msichana atakuwa juu ya farasi anayeumwa, na wewe peke yako ndiye utakayejua. Akianguka, je? Na kama dawa iliandikwa na daktari, wewe ndiwe utakayekuwa umeikata. Kati ya njia zote, hii ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Njia ya mke wako, ya kufanya kazi na kurudi nyumbani, siidharau. Anaona karo na kodi ya nyumba, na kuziona si ubaya. Ila swali la mtoto litakuwepo kesho asubuhi, na unga utakuwepo, na kwa jinsi ulivyoandika sidhani usingizi utarudi kwa njia hiyo. Wewe unajijua kuliko mimi.

Kuna kumrudia mwalimu. Nadhani mlipozungumza mara ya kwanza ulimpa maneno, na maneno ya saisi hayana nguvu mbele ya mchanga laini. Unaweza kumpa macho badala yake. Mwombe afike asubuhi moja kabla ya mazoezi, siku isiyo ya unga, asimame kwenye murram. Mwenzako amshike Shaba kwa kamba iliyolegea, maana ukimbana kichwa utaficha kile unachotaka kionekane. Aende mchakamchaka moja kwa moja, aje, aende, kisha apinde pole kwenye tangi. Mkiweza mrekodi kwa simu kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Na unaposema, sema kwa upole wa mtu anayemheshimu: "Mwalimu, ulinifundisha wewe kumtazama farasi. Naomba unitazamie huyu hapa kwenye ardhi ngumu, nisije nikawa nimekosea. Na huu unga, daktari alisema tumpe hadi lini?" Swali la mwisho liulize kwa uso mkunjufu, kisha nyamaza umsikilize. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu hatua inayofuata. Hatari iko, kwamba akasirike, au aone unamchimba. Yaweza pia kutokea kwamba anabanwa na wazazi wanaotaka mashindano, na anatafuta mtu wa kumpa sababu ya kuahirisha.

Akikataa, kuna mama wa msichana. Farasi ni wake na mtoto ni wake, na kumjulisha mwenye mali hali ya mali yake si umbeya. Wala hulazimiki kumshtaki mwalimu. Unaweza kuomba jambo moja tu: daktari wa mifugo anayejua farasi amtazame Shaba kabla ya mashindano. Daktari ana njia za kuubana mguu kwa koleo la kupimia kwato, za kuufisha ganzi sehemu kwa sehemu hadi ajue maumivu yanakaa wapi, na za kupiga picha ya mfupa au kano. Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wapo wanaotibu wanyama wakubwa, na Karen hukosi daktari binafsi aliyesajiliwa. Fahamu tu kwamba ukifika hapa mwalimu huenda asikuangalie tena kama zamani, hata daktari akikuunga mkono. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na akusikilize kabla ya kukufuta kazi, lakini sheria hailipi kodi ya mwezi huo, na sitaki uende ukidhani haina gharama. Kama una akiba, au unajua zizi lingine linalohitaji mtu, lipime hilo mapema.

Mbele zaidi kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayokataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa sababu ya ugonjwa, na kuna KSPCA, jumuiya ya kuwatetea wanyama, iliyo palepale Karen. Kwa yale uliyoniandikia sioni kama umefika huko. Nakutajia ili ujue upo mlango.

Lakini siku ukimkuta Shaba hakanyagi kabisa, au ana jeraha karibu na kiungo, au kwato zote mbili za mbele zina moto naye ameegemea nyuma hataki kusogea, usimngoje mtu yeyote. Usimtembeze. Piga simu kwa daktari, kisha kwa mwalimu, kisha kwa mwenye farasi, na kila mmoja umwambie kwamba umewapigia na wengine.

Lile deni la hospitali ya mama yako limekaa moyoni mwangu. Mtu aliyekutendea hivyo anastahili kusikia jambo hili kutoka kwako kwanza, tena faraghani, na ninahisi moyoni mwako ulishalijua hilo. Lakini jiulize pia: mtoto huyo akianguka mashindanoni na ikajulikana kwamba saisi aliona, mwalimu wako atakuwa amesaidiwa na ukimya wako?

Na msichana. Anko wake hana haja ya kumwambia habari za unga wala za mabishano ya wakubwa. Aliona mwenyewe kwamba Shaba hataki kugeukia kushoto, na macho yake yako sawa. Mwambie hivyo. Mwambie nawe umeona jambo kwenye mguu huo, kwamba hujui ni nini, na kwamba unazungumza na mwalimu. Kisha mwombe amweleze mamake hilo la kugeuka kushoto, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi alivyolihisi akiwa juu ya tandiko. Ukiona ni afadhali uzungumze na mwalimu kwanza ndipo umjibu mtoto, sawa, ila usiache wiki ipite.

Niandikie ukishajua viatu vilipigwa lini na kama kuna daktari aliyeandika dawa. Hayo mawili yanaweza kubadilisha nusu ya niliyokuambia.

Shangazi